RAI ZETU JUU YA MWANAMKE: TUNAPIMA KWA MIZANI GANI?

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya sala ya Alasiri, mbele ya waumini wanaume na wanawake)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Waheshimiwa masheikh, wazee wetu, ndugu zangu katika imani, na nyinyi mama zetu na dada zetu mnaosikiliza mkiwa upande wenu wa msikiti: mada niliyopewa ni nafasi ya mwanamke katika jamii, pamoja na yale yanayodaiwa na harakati za ukombozi wa mwanamke, ambazo siku hizi huitwa ufeministi.

Mada hii kila mtu huingia ndani yake akiwa tayari na rai yake. Wapo wanaosikia maneno "haki za wanawake" wakadhani ni njama ya kuvunja nyumba za Waislamu. Wapo wanaosikia neno "Sharia" wakadhani ni gereza la mwanamke. Rai hizi hatukuzaliwa nazo. Tumezipata kwa baba zetu, shuleni, redioni, barazani na safarini. Na kilichopatikana kwa njia hiyo kinaweza pia kubadilika.

Kwa hiyo leo napenda tuwatazame watu watatu ambao rai zao juu ya mwanamke zilibadilika katika maisha yao. Mmoja ni sahaba mtukufu, wa pili ni jaji wa Misri, na wa tatu ni mwanamke msomi aliye mfeministi. Kwa kila mmoja tutauliza swali moja: ni kitu gani kilichombadilisha? Maana kubadili rai peke yake si aibu wala si sifa. Aliyetoka katika dhulma akaingia katika uadilifu amefaulu. Aliyetoka katika kosa moja akaingia katika jingine amechoka bure.

SAYYIDNA UMAR (R.A.)

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alieleza hali ilivyokuwa kwao kabla ya Uislamu. Maana ya maneno yake ni kuwa zama za ujahili walikuwa hawawahesabu wanawake kuwa ni kitu. Uislamu ulipokuja, na Mwenyezi Mungu akawataja wanawake katika maneno Yake, ndipo walipoona kwamba wanawake wana haki juu yao.

Tuyatafakari maneno haya. Msemaji ni Umar, ambaye ukali wake unajulikana na kila mtu. Hakujidai kwamba tangu zamani alikuwa mwema kwa wanawake. Alikuwa na rai aliyoirithi kwa wazee wake. Wahyi ukaja, naye akaiacha.

Lakini rai ikiondoka, tabia hubaki nyuma ikijivuta. Umar huyo huyo amesimulia kwamba Makka wanaume wa Kikureshi ndio waliokuwa na kauli juu ya wake zao. Walipohamia Madina wakawakuta wanawake wa Kiansari wana kauli mbele ya waume zao, na wake wa Kimakka wakaanza kuiga. Siku moja Umar alimkemea mkewe, naye mke akamjibu. Umar akachukizwa. Mke akamwambia: mbona wake wa Mtume (s.a.w.) nao humjibu Mtume? Umar akashtuka, akenda kwa binti yake Hafsa (r.a.) kuuliza, akakuta ni kweli. Tazameni: Umar alikuwa bado anajifunza nyumbani kwa Mtume namna ya kuishi na mke, na aliyemfungulia mlango wa somo hilo alikuwa mkewe mwenyewe.

Kuna habari ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya nianze na sahaba huyu. Mke mmoja wa Umar alikuwa akihudhuria sala ya Alfajiri na sala ya Isha kwa jamaa msikitini. Akaulizwa: kwa nini unatoka hali unajua kwamba Umar hapendi, na kwamba ana wivu? Naye akauliza: basi ni nini kinachomzuia asinikataze? Akajibiwa kwamba kinachomzuia ni kauli ya Mtume (s.a.w.) kuwa wajakazi wa Mwenyezi Mungu wasizuiliwe misikiti ya Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, hapa pana elimu kubwa. Moyo wa Umar ulikuwa haupendi. Lakini Umar hakuligeuza lile asilolipenda kuwa haramu. Alijua kwamba "mimi silipendi" ni jambo moja na "dini imelikataza" ni jambo jingine, akauzuia ulimi wake kwa sababu ya neno la Mtume. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kufanya hivyo?

Na mjue kwamba mambo hayakukaa hivyo bila kupingwa. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Abdullah bin Umar aliisimulia kauli hiyo ya Mtume, na mwanawe, mjukuu wa Umar, akaapa kwamba wao watawazuia wanawake, wasije wakaifanya ruhusa hiyo kuwa hila. Abdullah akamkemea mwanawe kwa ukali ambao watu hawakuwahi kuusikia kwake. Hoja ya kijana yule ilikuwa ni kuogopa fitina, nayo ni hoja tunayoisikia mpaka leo. Baba yake hakusema kwamba fitina haipo. Alichokataa ni hofu ya mtu kuwekwa juu ya neno la Mtume.

JAJI WA MISRI

Sasa tuvuke zama nyingi, tufike Misri mwishoni mwa karne ya 19. Naichagua Misri kwa sababu mjadala juu ya "ukombozi wa mwanamke", kwa jina hilo, uliwaka huko kabla ya kuenea katika nchi nyingi za Kiislamu, na kwa sababu majarida ya Cairo yalisomwa na wanazuoni wetu wa Pwani.

Misri wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza tangu mwaka 1882. Qasim Amin, aliyezaliwa 1863, alisomea sheria katika mji wa Montpellier, Ufaransa, akarejea kwao akawa jaji. Mwaka 1893 bwana mmoja wa Kifaransa, Duke d'Harcourt, aliandika kitabu kilichowadharau Wamisri, dini yao na hali ya wanawake wao. Qasim Amin akakasirika. Mwaka 1894 akamjibu kwa kitabu cha Kifaransa. Humo alizitetea desturi za kwao, pamoja na kutengwa kwa wanawake na wanaume, akaishutumu Ulaya kwa ufisadi wa maadili yake.

Miaka mitano baadaye, 1899, mtu huyo huyo alitoa kitabu cha Kiarabu kiitwacho Tahrir al-Mar'a, yaani Ukombozi wa Mwanamke. Sasa alidai kwamba watoto wa kike wasomeshwe angalau elimu ya msingi. Kwamba mwanamke kufunika uso na kufungiwa ndani ni desturi iliyozidi mpaka uliowekwa na Sharia. Kwamba talaka isitolewe ovyo bali ipitie kwa kadhi. Na kwamba mitala ibanwe. Aliegemea aya na kauli za mafakihi. Misri ikatikisika. Waliomjibu kwa kumpinga walikuwa wengi, mmoja wao akiwa Talat Harb, ambaye baadaye, mwaka 1920, alianzisha Benki ya Misri.

Qasim Amin hakunyamaza. Mwaka 1900 akatoa kitabu kingine, al-Mar'a al-Jadida, yaani Mwanamke Mpya. Lakini humo mizani ilikuwa imehama. Aya na mafakihi walirudi nyuma, na kipimo kikubwa kikawa ni maendeleo ya Ulaya na elimu zake.

Mtu mmoja, vitabu vitatu, miaka sita. Katika kitabu cha kwanza aliyemwongoza ni ghadhabu: mgeni ametutukana, basi na tutetee kila kilicho chetu, cha haki na kisicho cha haki. Katika kitabu cha tatu aliyemwongoza ni mshangao: Ulaya ina nguvu, basi na tujipime kwa pishi yake. Hapo katikati, mwaka 1899, ndipo alipouliza swali lililo karibu na lile la Sayyidna Umar: hili tulifanyalo ni dini, au ni mazoea yetu tuliyoyavisha nguo ya dini? Hatulazimiki kukubaliana na kila jibu alilolitoa. Lakini swali lilikuwa la haki, na bado halijajibiwa na wengi wetu.

Nasema hivyo kwa sababu Waislamu wengi tungali tunaishi katika kile kitabu cha 1894. Mtu wa nje akitukosoa, tunasimama kukitetea hata ambacho baina yetu tunajua kwamba ni dhulma.

Ni kweli kwamba waliotukosoa hawakuwa wote na nia njema. Mtawala wa Kiingereza wa Misri wakati huo, Lord Cromer, alipenda kuandika kwamba Uislamu umemdhalilisha mwanamke na kwamba shungi ndilo linalowarudisha Wamisri nyuma. Cromer huyo huyo, aliporejea kwao Uingereza mwaka 1907, akawa miongoni mwa viongozi wa vyama vya kupinga wanawake wa Kiingereza wasipewe haki ya kupiga kura. Huko Misri utawala wake haukuwa na haraka ya kuwajengea mabinti shule. Kwa hiyo shaka waliyokuwa nayo wazee wetu haikutoka hewani.

Lakini tuwe waadilifu. Unafiki wa Cromer haumhalalishii Mwislamu yeyote mali ya dada yake. Mwizi akikwambia kwamba nyumba yako inaungua, utamshuku mwizi, na moto pia utauzima.

Na wakati wanaume wa Misri wakibishana kama mwanamke afunike au afunue, walikuwapo wanawake waliotaka kusikilizwa wenyewe. Mmoja alikuwa Malak Hifni Nasif, mwalimu, aliyezaliwa 1886 na kufariki 1918. Mwaka 1911 alipeleka madai ya wanawake mbele ya mkutano wa viongozi wa nchi. Miongoni mwa aliyoyaomba ni elimu kwa watoto wa kike, kufundishwa wanawake kazi ya uganga na uuguzi, na wanawake kufunguliwa milango ya misikiti wasikilize mawaidha. Mwanamke Mwislamu, katika nchi ya al-Azhar, analazimika kuombea mkutanoni kile ambacho mke wa Umar alikuwa nacho mjini Madina! Si wafeministi waliomnyima hicho, bali ni sisi.

MSOMI WA KIKE ALIYEBADILI RAI

Mtu wetu wa tatu ni Leila Ahmed. Alizaliwa Cairo mwaka 1940, akasoma Uingereza, akafundisha vyuo vikuu vya Marekani, kikiwamo Harvard. Mwaka 1992 aliandika kitabu maarufu kwa Kiingereza juu ya wanawake katika historia ya Uislamu, na humo alimkosoa Cromer kwa unafiki wake, akamkosoa na Qasim Amin kwa kuyachukua maneno ya mkoloni na kuyasema kwa Kiarabu. Ni mfeministi, na zipo rai zake ambazo sisi hatuwezi kuzikubali.

Mwanamke huyu alikulia katika mazingira ambayo wanawake wasomi wa mjini Cairo walikuwa wamekwisha kuiacha hijabu, na walidhani imekwisha kabisa. Hijabu iliporudi Misri, kisha akaanza kuwaona mabinti waliojistiri huko huko Marekani, jirani na chuo anachofundisha, moyo wake haukutulia. Alidhani ni alama ya kurudishwa nyuma kwa wanawake.

Angeweza kukaa na dhana yake, wangapi wangempinga? Badala yake aliingia katika utafiti wa miaka. Alisoma historia ya harakati za Kiislamu, akahudhuria mikutano ya Waislamu wa Marekani, akawasikiliza wanawake waliovaa hijabu wakieleza kwa vinywa vyao kwa nini wanavaa. Mwaka 2011 akatoa kitabu akieleza kwamba aliyoyakuta ni kinyume cha alivyotarajia. Alikuta kwamba katika Marekani ya baada ya 2001, wengi katika waliosimama mbele kudai haki za wanawake miongoni mwa Waislamu walikuwa wametoka katika harakati zile zile za kidini alizokuwa akizihofia, na wengi wao walijistiri. Jumuiya kubwa ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini, ISNA, ilikuwa imemchagua mwaka 2006 mwanamke mwenye hijabu, Dk. Ingrid Mattson, kuwa rais wake.

Ndugu zangu, sikumtaja mama huyu ili tupate kusema, "Mnaona? Hata wao wamekubali." Huo utakuwa ushindi wa barazani. Nimemtaja kwa sababu alifanya jambo ambalo Mwenyezi Mungu anatuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, ya kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Aliwashuku, akawaendea, akawasikiliza, akasema alichokiona. Ikiwa mfeministi ameweza kukaa na wanawake wa Kiislamu akawasikiliza kwa miaka, sisi tulio baba zao, kaka zao na waume zao, tumewasikiliza kwa muda gani?

HAPA KWETU

Sasa turudi kwetu Pwani, maana mawaidha yasiyofika nyumbani ni hadithi tu.

Tuanze na kalamu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 ameeleza kwamba watoto wa kike wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Alijifunza mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Maisha yake ya baadaye ni habari nyingine. Swali langu ni hilo la kalamu. Amri hiyo ilitoka wapi? Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba bibi mmoja, Shifa binti Abdillah, alimfundisha Hafsa mke wa Mtume kuandika, na Mtume (s.a.w.) alilijua hilo akalitaja kwa kuliridhia. Basi binti wa Umar aliandika Madina waziwazi, na binti wa Sultani akaandika Unguja kwa kujificha. Kati yao ilipita miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili, na ndani yake desturi ilikaa mahali pa Sunna bila mtu kuishtukia.

Walioishtukia walikuwapo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiswahili katika karatasi zake Sahifa na al-Islah miaka ya 1930. Alihimiza watoto wa kike wasomeshwe, na kwa kalamu hiyo hiyo akawaonya Waislamu wasiige Wazungu kwa kila kitu. Hakuona mgongano baina ya mambo hayo mawili, wala haupo.

Jambo la pili ni mirathi. Baada ya vita vya Uhud, mke wa shahidi Saad bin Rabii alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti wawili. Akashtaki kwamba ami yao ameichukua mali yote ya marehemu, na mabinti wasio na mali ni vigumu kuolewa. Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun Nisaa. Mtume akamwita yule ami akamwamrisha awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake. Tuchukue mfano wa mali ya shilingi milioni 24: mabinti wanapata milioni 16, mjane milioni 3, na ami milioni 5. Yule aliyekuwa amekamata zote 24 alibaki na 5!

Sasa niambieni. Katika mitaa yetu, marehemu akiacha nyumba na shamba, ni mara ngapi kaka hukaa ndani ya nyumba miaka 10, 15, na dada akiuliza anaambiwa, "Wewe umeshaolewa, una mumeo"? Na ni mara ngapi dada huambiwa asamehe, akasamehe kwa haya, kwa kuogopa kuitwa mwenye tamaa? Msamaha unaotolewa kwa kuona haya si msamaha. Sisi ndio tunaojivunia mimbarini kwamba Uislamu ulimpa mwanamke haki ya kumiliki mali wakati Ulaya ikiwa gizani. Ni kweli: Uingereza mke aliyeolewa hakuwa na mamlaka kamili juu ya mali yake mpaka sheria ya mwaka 1882, na Ufaransa mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe mpaka sheria ya 1965. Lakini fahari hiyo ni ya Qur'ani. Anayeizuia mali ya dada yake hana fungu ndani yake.

Jambo la tatu ni ridhaa ya ndoa. Khansa binti Khidam alikuwa mwanamke aliyewahi kuolewa. Baba yake akamwoza tena bila ya kutaka kwake. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaivunja ndoa hiyo. Kwetu wapo mabinti wanaopata habari ya ndoa yao siku mahari yanapopokewa. Nyamazo la binti lilifanywa na Sharia kuwa dalili ya ridhaa kwa ajili ya kuihifadhi haya yake. Halikufanywa kuwa pazia la kuficha kilio chake.

MIZANI YENYEWE

Tukikusanya mafunzo ya watu wetu watatu, tunapata maswali matatu ya kujiuliza kila tunapotaka kutoa rai juu ya mwanamke.

La kwanza: hili nilisemalo limetoka katika Qur'ani na Sunna iliyothibiti, au ni moyo wangu haupendi? Hiyo ndiyo mizani ya Umar.

La pili: natetea haki, au natetea upande wangu kwa sababu nimeudhiwa, au kwa sababu nimevutiwa na wenye nguvu? Hilo ndilo somo la Qasim Amin.

La tatu: wenye jambo nimewasikiliza? Tukumbuke kwamba Qur'ani ina sura nzima, Al-Mujadila, iliyopewa jina kutokana na mwanamke aliyejadiliana na Mtume juu ya mumewe. Mwenyezi Mungu alimsikia kutoka juu ya mbingu saba. Sisi tulio nao chumba kimoja hatuwasikii?

Kwa mizani hiyo tutaweza kuzungumza na ufeministi bila hasira na bila unyonge. Yapo ambayo hatuyakubali. Hatukubali kwamba mume na mke ni mahasimu wanaogombea madaraka. Suratut Tawba, aya ya 71, inawaeleza waumini wa kiume na wa kike kuwa ni walinzi na marafiki wa wao kwa wao. Hatukubali kwamba kujistiri ni utumwa, wala kwamba malezi ya watoto ni kazi duni. Lakini mwenye kudai kwamba binti asome, asipigwe, asiozwe kwa nguvu, asinyang'anywe urithi, huyo hadai jambo geni kwetu. Amekuta amana yetu imelala njiani, akaiokota. Tusimlaumu kwa kuiokota. Tujilaumu kwa kuiangusha.

Na hapa ndipo penye hatari. Binti wa Kiislamu akidhulumiwa nyumbani kwa jina la dini, kisha akasikia kwamba haki yake iko kwa wasioamini dini, atakwenda wapi? Wapo waliokwisha kuondoka. Tunawaita wapotevu, na huenda hatujauliza ni nani aliyewasukuma mlangoni. Siku ya Kiyama swali hilo halitaulizwa kwa wafeministi.

TUTOKE HAPA NA NINI?

Sipendi tuondoke na maneno matupu. Naomba mambo matatu.

Kwanza, kila mwenye mirathi isiyogawanywa aende kwa kadhi au kwa sheikh anayeijua elimu ya mirathi, hesabu ipigwe, kila mwenye fungu akabidhiwe fungu lake mkononi. Akitaka kusamehe, asamehe akiwa amekwisha kulishika.

Pili, kila baba na kila walii amuulize binti, kabla ya kupokea posa, faragha, pamoja na mama yake, kwa namna ambayo anaweza kusema hapana bila ya kuadhibiwa.

Tatu, kamati za misikiti zitazame upande wa wanawake. Katika misikiti mingi ni chumba chembamba, kipaza sauti chake kibovu, mahali pa kutawadhia hapapo. Kamati iwakaribishe kina mama wenyewe waseme wanachohitaji, kisha kiandikwe na kitekelezwe. Darasa la wiki liwe na muda wa maswali yao, nayo yajibiwe kwa heshima ile ile wanayojibiwa wanaume.

Kina mama na dada zetu, na nyinyi mna wajibu. Isomeni haki yenu katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu kabla ya kuisoma kwingine. Wafundisheni wana wenu wa kiume tangu wadogo, kwani kaka anayemdhulumu dada yake alilelewa na mama.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Zitoe nyoyoni mwetu desturi za ujahili, hata zile tunazozipenda. Warehemu mama zetu na utusaidie kuwalipa haki zao tungali hai, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.